Karakana ya samani Uyole: nianzeje 5S na kaizen bila kufanya maonyesho?

FundiUyole

Wakuu, habari za kazi.

Nina karakana ya samani hapa Uyole, Mbeya. Mafundi sita: wanne wanalipwa kwa kazi (mlango, kitanda, kabati), wawili wa mwezi. Banda la mabati, nusu ya sakafu saruji, nusu udongo. Mashine ni ya kuranda, msumeno wa meza, drili mbili na grainda. Mbao karibu zote ni paini ya Mafinga, mninga mara moja moja mteja akitaka.

Kero ni hizi. Patasi ya nusu inchi ikitakiwa, watu watatu wanasimamisha kazi kuitafuta. Skrubu zinaisha mlango ukiwa umeshaegeshwa kwenye fremu, mtu anapanda bajaji kwenda madukani Mwanjelwa. Bawaba zinachimbwa upande usio wake, mlango wa kushoto unatoka wa kulia. Na mabaki ya mbao yamefika usawa wa dirisha.

Nimekuwa nasoma jinsi Wajapani wanavyobuni vitu vya kila siku mpaka kazi inakwenda bila kelele: 5S (hatua tano za kupanga mahali pa kazi), kaizen (kuboresha kidogo kidogo bila kukoma), poka-yoke (kuzuia makosa) na kadhalika. Picha za mitandaoni zimejaa sakafu zenye mistari ya njano na mabango ukutani. Bajeti yangu ya mabango ni sifuri. Nianzie wapi, nipime nini, na kwa nini wengi wakianza inakufa?

---

Seti_na_Safisha

Mkuu, kwa Mbeya jambo hili si geni. Hospitali ya Rufaa Mbeya ndiyo iliyoteuliwa kuwa ya majaribio ya 5S nchini mwaka 2007, na zile hatua tano (sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia) sasa zimebandikwa kwenye kuta za hospitali nyingi. Kama una ndugu anayefanya kazi wodini au stoo ya dawa, mwombe akueleze rafu zao zilivyopangwa. Utajifunza zaidi pale kuliko kwenye picha za viwanda vya magari.

Anza na benchi moja na mita mbili za sakafu kulizunguka. Ukianza na banda zima, siku ya kwanza mtafagia, ya pili mtabishana, ya tatu kila mtu amerudi kwenye oda zake.

Toa kila kitu kwenye benchi hilo, weka juu ya turubai. Cha kutumika kila siku kinarudi benchini. Cha mara moja kwa wiki kinaenda rafu ya karibu. Cha mara moja kwa mwezi kinaenda stoo. Kile ambacho hakuna anayejua ni cha nani na cha kazi gani ndicho kinachopewa kadi nyekundu. Kadi ni kipande cha boksi kilichopakwa rangi, kinaandikwa jina la kitu, tarehe, aliyeiweka, na tarehe ya uamuzi, siku 30 mbele. Vitu vyenye kadi vinakaa kona moja yenye mipaka, mita moja kwa mbili inatosha. Siku zikiisha hakuna aliyekidai, kinauzwa, kinagawiwa au kinatupwa. Panapoharibika ni hapa: kadi zinawekwa bila tarehe, kona inageuka stoo ya pili. Ikijaa usiipanue. Amua.

Mabaki ya mbao yanataka sheria ya urefu, maana kwa fundi seremala kila kipande kina siku yake kitakapofaa. Chini ya sentimita 30 ni kuni. Sentimita 30 hadi 90 vinasimamishwa kwenye sanduku moja, vya inchi moja upande wake, vya inchi mbili upande wake. Likijaa, kikiingia kipya kinatoka cha zamani. Zaidi ya 90 vinarudi rafu ya mbao, urefu umeandikwa kwa chaki kwenye kichwa cha mbao ili usomeke bila kuivuta.

Ila kuna mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani za kenchi na nguzo. Mabaki yake yasiende jikoni wala kwenye jiko la kuotea moto, hata baridi ikiwa kali kiasi gani. Dawa ile mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu. Tengea pipa lake.

---

RandaNaPatasi

Naongezea kwenye "seti", yaani kupanga kila kitu mahali pake, kwa sababu ubao wa vifaa ndio wengi wanaouharibu kwa haraka ya kupaka rangi.

Chukua plaiwudi ya milimita 12, nusu ya shiti ya 4 kwa 8, yaani futi 4 kwa 4. Hiyo inatosha vifaa vya mkono vya mafundi wawili. Ipake nyeupe au krimu. Usiitundike bado; ilaze chini upange vifaa juu yake. Vinavyoshikwa mara nyingi vikae kati ya kiuno na bega, vizito kama nyundo kubwa na klampu chini yake, vya mara chache juu. Acha sentimita 3 hadi 4 kati ya kifaa na kifaa ili mkono uingie bila kugusa cha jirani. Misumari ya inchi 3 ipigwe ikiwa imeinamia juu kidogo, nyuzi 10 hadi 15. Ikiwa mlalo kabisa, mtikisiko wa mashine ya kuranda utaangusha vitu kimoja kimoja.

Patasi zisining'inizwe kwa msumari. Chonga nafasi kwenye kipande cha mbao ya 2x3, patasi isimame makali yakiwa chini, na mbele yake weka kipapi chembamba cha mbao kuzuia makali yasikate mtu. Randa zikae kwenye rafu iliyoinama, mbele kuwe na kijiti cha unene wa penseli kinachoinua soli, kisu kisiguse ubao.

Sasa vivuli. Chora kwa penseli tu, mfanye kazi wiki mbili. Mtagundua skwea inagombana na msumeno, au aliye wa mkono wa kushoto anavuka benchi kila mara. Hamisha, chora tena, ndipo upake. Jaza kivuli chote kwa rangi nzito, usichore mstari wa ukingoni peke yake. Kivuli chekundu kilicho wazi kinaonekana kutoka mlangoni. Mstari mwembamba haumstui mtu.

Patasi ya nusu inchi na ya robo tatu vivuli vyake havitofautishiki kwa jicho la haraka. Funga tepu ya umeme ya rangi kwenye mpini, rangi hiyohiyo kwenye nafasi yake.

Ili kujua nani amechukua, tumia vizibo vya soda vilivyotobolewa. Kila fundi vinne vyenye herufi yake. Ukichukua kifaa, unaacha kizibo. Vizibo vikikwisha, urudishe kimoja kabla ya kuchukua kingine. Daftari la kusaini halidumu. Hakuna mtu mwenye gundi mikononi atakayeshika kalamu.

Pia kagua tepu za kupimia. Zilinganishe zote na rula moja ya chuma, kwa kuvuta na kwa kusukuma. Kile kidole cha mbele kinachocheza kimetengenezwa kicheze, kiasi cha unene wake chenyewe, karibu milimita moja, ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Kuna mafundi wanakigonga nyundo kikaze, halafu fremu na mlango havionani. Kazi moja, tepu moja, toka mwanzo hadi mwisho.

---

Kamwene_Kihesa

Kamwene wote. Mimi niende kwenye milango, kwa sababu hapo ndipo ubunifu wa Kijapani unapolipa haraka kuliko kufagia.

Mwaka 1961 mhandisi Shigeo Shingo aliitwa kwenye kiwanda cha Yamada Electric. Walikuwa wanaunganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili, chini ya kila kitufe springi moja. Mara moja moja swichi ilitoka bila springi, na bosi alikuwa anajibu kwa kukaripia. Shingo aliweka kisahani. Kwanza unachukua springi mbili kutoka kwenye boksi unaziweka kisahanini, kisha unaunganisha. Ikibaki moja kwenye kisahani, unajua hapohapo kwamba kuna kitufe hakina. Hiyo ndiyo poka-yoke: kosa linaonekana kabla kazi haijatoka mikononi mwa aliyelifanya.

Kwako ni hivi. Mlango wenye bawaba tatu za inchi 4, kila jani matundu manne, ni skrubu 24. Mpe fundi kibakuli chenye skrubu 24, asichukue kutoka kwenye pakiti. Ikibaki moja kuna tundu tupu. Zikipungua, moja imeanguka au imekatika kichwa ikafichwa kwa msasa na gundi.

Kushoto na kulia kunatatuliwa kabla ya mbao kukatwa. Kubalianeni tafsiri moja: unasimama upande ambao mlango unauvuta ukujie, bawaba zikiwa mkono wako wa kushoto, huo ni mlango wa kushoto. Basi. Iandike juu ya meza ya kupokea oda, kwa mchoro, na umwonyeshe mteja akiwa bado yupo.

Tengeneza jigi mbili (violezo vya kuwekea alama za bawaba), ya kushoto ipakwe kijani kichwani, ya kulia nyekundu kichwani. Kila moja ni papi nyoofu, kavu, ya urefu wa mlango wako wa kawaida, yenye nafasi tatu za sentimita 10 zilizokatwa kwa umakini. Ya juu inaanza sentimita 17 kutoka kichwani, ya chini inaishia sentimita 22 kutoka miguuni, ya tatu katikati. Mlango mzito wa mninga, hiyo ya tatu ipandishe ikae kama sentimita 30 chini ya ile ya kwanza, kwa sababu uzito unavuta bawaba ya juu kuliko zote. Upande mmoja wa jigi gongea ubavu unaoshuka na kukumbatia uso wa mlango, uso ule unaovutwa. Kwa ubavu huo, jigi ya kushoto haikai kwenye mlango wa kulia mpaka uigeuze kichwa chini miguu juu, na ikigeuzwa rangi ya kichwani inaonekana iko chini.

Juu ya kichwa cha jigi funga kipande cha bati gumu la milimita 3 kwa skrubu moja ili kizunguke. Ukiwa kwenye mlango, kizungushe kining'inie juu ya ukingo wa mlango: jigi inaanzia sawasawa na kichwa cha mlango. Ukiwa kwenye fremu, kirudishe kikae juu ya jigi yenyewe na ukisukume kigote kwenye kichwa cha fremu: nafasi zote zinashuka milimita 3, na hiyo ndiyo nafasi ya mlango kupumua juu. Jigi ileile inapima pande mbili, hakuna anayeandika namba popote.

Kadi ya oda itundikwe kwenye msumari wa jigi inayohusika. Fundi anachukua kadi na jigi kwa mkono mmoja.

Mlango usio wa urefu wa kawaida usilazimishwe kwenye jigi hii. Hapo ndipo watu huhamisha kwa kukadiria na kuharibu. Chukua papi ya siku hiyo, weka alama zote za mlango huo juu yake, ukimaliza ipeleke kwenye kuni. Maseremala wa nyumba wa Kijapani wana fimbo ya namna hiyo, shakuzue, inayobeba vipimo vya nyumba nzima ili kila mtu apime kwa fimbo moja.

Wale mnaopasua magogo kule Mafinga, kuna kitu kingine kizuri. Skwea ya chuma ya seremala wa Kijapani, sashigane, upande wa mbele ina vipimo vya kawaida; nyuma ina kipimo kilichokuzwa mara 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ukilaza nyuma yake juu ya kipenyo cha gogo, namba unayosoma ndiyo upande wa boriti kubwa ya mraba inayoweza kutoka humo. Hesabu imeshafanywa na chuma. Ya kwako itengeneze kwenye papi: kila milimita 141.4 weka alama, andika 10, 20, 30, kisha gawanya katikati. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 litasoma 21 na kidogo. Pima kwenye ncha nyembamba, ndani ya gome, mahali penye kipenyo kidogo kuliko vyote, na utoe upana wa meno ya msumeno. Gogo lililopinda litakudanganya hata uwe na fimbo gani.

---

Mlango_wa_Pili

Fupi tu. Kabla ya kukata, fundi anyooshe kidole kwenye alama na aseme kwa sauti: "Sabini na tisa, kushoto, inabaki," yaani kipimo, upande, na kwamba alama inabaki. Wafanyakazi wa reli Japani wanafanya hivyo kwa taa na saa zao kila siku. Katika majaribio ya taasisi ya utafiti wa reli ya huko miaka ya 1990, makosa yalishuka kutoka 2.38 kwa kila vitendo 100 hadi 0.38 mtu alipoonyesha kidole na kutamka kwa pamoja. Watacheka wiki ya kwanza. Anza na wanaotumia msumeno wa meza peke yao.

---

HesabuZaBanda

Yote haya ni mazuri, lakini umesema wanne wanalipwa kwa kazi. Hapo ndipo itakapofia, na hakuna aliyegusa.

Dakika 10 za kurudisha vifaa na kufagia, kwa fundi wa kulipwa kwa mlango, ni dakika 10 za bure anazokupa wewe. Atakupa wiki moja kwa heshima. Baada ya hapo atafagia akikuona tu. Ama uongeze kitu kwenye bei ya kila kazi, ama mashine zizimwe dakika 10 kabla ya kufunga kwa wote, na dakika hizo zilipwe. Watu sita kwa dakika 10 ni saa moja ya kazi kwa siku. Iandike kwenye gharama zako usijidanganye. Lipa vilevile kwa kutengeneza jigi. Aliyeitengeneza kwa muda wake ataondoka nayo, na ana haki.

Ulichouliza kuhusu kupima: kabla hujagusa kitu, tundika ubao na chaki. Mstari mmoja kila mtu anapotafuta kifaa zaidi ya dakika moja. Mstari kila safari ya Mwanjelwa kazi ikiwa katikati. Mstari kila mlango unaorudiwa. Wiki moja. Hizo ndizo namba tatu utakazolinganisha kila Jumamosi, na mafundi wazione. Ukianza kupanga kabla ya kuhesabu, baada ya mwezi mtu atasema "hata zamani tulikuwa sawa tu" na hutakuwa na jibu.

Mistari ya njano kwenye udongo ni kuchezea rangi. Kwenye upande usio na saruji, zika matofali nusu kuonyesha njia, upana wa sentimita 90 hadi mita moja, watu wawili wapite na mlango. Au pigilia mabanzi ya mlingoti (mkaratusi) chini. Kila kinachokaa sakafuni kiinuliwe sentimita 15 ili fagio lipite chini na mchwa waonekane wakijenga.

---

StooMafinga

Kuhusu skrubu kuisha. Kanban ya Toyota, yaani ishara ya kuleta mzigo mpya pale tu wa zamani unapotumika, Taiichi Ohno wa Toyota aliitoa kwenye wazo la rafu za supamaketi za Marekani: kinachochukuliwa ndicho kinachorudishwa, kwa kiasi kilichochukuliwa. Kwa karakana ndogo unahitaji makopo mawili tu kwa kila aina.

Hesabu: matumizi ya siku mara siku ambazo mzigo unachukua kufika, ongeza nusu yake kama akiba. Skrubu 40 kwa siku, unakwenda Mwanjelwa kila siku ya tatu: 120 na 60, ni 180. Kila kopo litie 180 au pakiti ya 200. Mnatumia kopo la mbele. Likiisha, kopo tupu lenyewe linakwenda kwenye ndoano iliyo mlangoni, na la nyuma linasogea mbele. Anayekwenda mjini anachukua makopo yaliyo kwenye ndoano. Hakuna orodha, hakuna kukumbushana. Kwenye kopo bandika skrubu yenyewe kwa gundi ya moto, na uandike saizi na duka.

Inavyoharibika: mtu anamimina kopo la nyuma kwenye la mbele "zisichanganyike". Hapo umeua mfumo, hujui tena akiba imeguswa lini. Na usiitumie kwa mbao. Mbao za Mafinga masika zinaweza kuchelewa barabara za msituni zikiharibika, na zikifika zinataka kukauka. Hizo panga kwa msimu, si kwa kopo. Zikifika, zipange na vijiti vya inchi moja kila futi mbili, vijiti vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, paini inapinda kufuata vijiti, na hakuna jigi itakayoinyoosha.

---

FundiUyole

Ndaga fijo wakuu. Hoja ya malipo imenigusa, nitaizungumza na mafundi kabla ya chochote.

Maswali mawili. La kwanza, kisanduku cha maoni: kinafanya kazi kweli kwa watu sita? La pili, "sanifisha", yaani wote wafanye kwa njia moja. Kuna kazi ambayo kila mtu ana njia yake, nayo ni kugundisha. Kuanzia Juni hadi Agosti viungo vya meza vinaachia, na kila fundi anamlaumu mwenzake. Gundi ni ileile nyeupe ya maji.

---

Seti_na_Safisha

Kisanduku chenye kufuli, hapana. Toyota walianzisha mfumo wao wa mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951, na kinachoubeba ni kwamba wazo linajibiwa, na aliyelitoa ndiye anayelijaribu. Weka ubao wa wazi wenye safu nne: kero, sababu, tulichojaribu, kilichotokea. Kipande cha karatasi, jina lake juu. Kila wazo lipate jibu kufikia Jumamosi, hata kama jibu ni hapana, na sababu ya hapana iandikwe. Wazo linalogharimu chini ya shilingi 5,000 na linaloweza kurudishwa nyuma ndani ya siku moja lisisubiri ruhusa yako.

Utapata "nunua mashine mpya" nyingi. Usizitupe. Uliza mashine hiyo ingeondoa kero gani, uandike kero hiyo kwenye safu ya kwanza. Mara nyingi jibu ni kisu kunolewa au meza kuinuliwa sentimita tano.

Kugundisha namwachia Kamwene.

---

Kamwene_Kihesa

Hapo mafundi wanalaumiana bure. Gundi nyeupe ina joto la chini ambalo ikishuka hapo haishiki. Nyingi ni karibu nyuzi 10 za sentigredi, angalia kopo lako. Chini ya hapo maji yanakauka lakini chembe za gundi hazishikamani, inabaki kama unga wa chaki. Kinachohesabiwa ni joto la mbao pia, si la hewa peke yake. Usiku wa Juni na Julai Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10 mara nyingi, na mbao iliyolala bandani saa 2 asubuhi bado ina baridi ya usiku.

Kwa hiyo kadi ya kugundisha, moja tu, juu ya meza ya klampu, iandikwe hivi:

Miezi ya baridi gundisha kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mbao na kopo la gundi vikae upande wa jua au ndani ya chumba chenye joto kabla ya hapo. Gundi isiongezwe maji. Wanaoiongeza ili isambae wanaiongezea muda wa kukauka na kuipunguzia nguvu. Paka pande zote mbili, tabaka jembamba, bana ndani ya dakika 5. Ikibanwa, kando ya kiungo chote yatoke matone madogo yanayofuatana. Hakuna tone, gundi ni kidogo. Inatiririka, ni nyingi. Klampu zikae mpaka kesho yake mchana, na kiungo kisibebeshwe uzito kabla ya saa 24.

Pia pima unyevu wa mbao. Kata kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye wa kwanza, gawanya kwa mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 230 zikishuka hadi 200, ni asilimia 15. Kwa samani za ndani usigundishe ikizidi hapo. 12 ni nzuri zaidi. Paini mbichi inasinyaa baada ya kuunganishwa na kuvuta kiungo yenyewe, na hiyo utaiona kama gundi mbaya wakati gundi haina kosa.

Juu ya kadi, pigilia vipande viwili vya mbao. Kimoja kina tone la gundi lililokauka mchana wa jua, linalopitisha mwanga, gumu kama kucha. Kingine kina tone lililokauka usiku wa Julai, jeupe, linalomeguka kwa kidole. Fundi akimaliza anakwangua tone la kiungo chake, analinganisha. Likifanana na la pili, kiungo kinabomolewa siku hiyohiyo kabla ya vanishi. Vipande hivyo vibadilishwe kila unapobadili aina ya gundi, kwa sababu zipo zinazokauka na rangi ya njano na hizo hazitafanana na sampuli yoyote kati ya hizo mbili.